Urahisi wa Jangwa

Mtu aliyelelewa pwani hutambua mapema kwamba hewa nayo ina meno. Hula karatasi na kuiachia madoa ya rangi ya chai, hula misumari ikawa unga mwekundu, hupanda juu ya picha iliyoegemezwa ukutani ikaiotesha ukungu mfano wa manyoya ya kifaranga, na kitabu kilichofungiwa sandukuni mwanzo wa masika hutoka humo mwezi wa saba kimevimba, kina harufu ya kisima. Kwa sababu hiyo, nilipoanza kusoma habari za wachoraji na wachongaji waliokuwa wakihama miji mikubwa ya Marekani kwenda kuishi majangwani, sikustaajabu kama walivyostaajabu jamaa zao waliowaacha. Nilisema moyoni kwamba watu wale wamepata mahali ambapo kazi ya mikono ya binadamu huruhusiwa kukaa.

Pembe ya kusini-magharibi ya Marekani, yaani New Mexico, Arizona, magharibi ya Texas na jangwa la Mojave lililoko California, imekuwa ikipokea wahamiaji wa namna hii kwa zaidi ya miaka 100. Walichokifuata huko ni ukavu, mwanga na nafasi, na jambo la nne, ambalo halitajwi sana mbele ya wageni wanunuao picha, ni bei. Lugha yetu ina neno moja, rahisi, kwa kitu kisicho na gharama na kwa jambo lisilo na tabu, ingawa Waarabu waliotupa neno hilo hulitumia hasa kwa maana ile ya kwanza. Jangwani maana hizo mbili huachana njia: nyumba yaweza kuwa rahisi kuinunua na ngumu kuikalia, na anayekwenda huko kwa azma ya kufanya sanaa hana budi ajue mapema ni rahisi ipi kati ya hizo mbili aliyouziwa.

Wa kwanza walikwenda kwa ajili ya mapafu. Zamani za kabla ya kupatikana dawa ya kifua kikuu, matabibu wa miji ya mashariki waliwaagiza wagonjwa wao waende wakapumue hewa kavu ya nyanda za juu za New Mexico, na miongoni mwa waliotumwa huko kama watu wa kuagwa, wengine walisahau kufa. Will Shuster, aliyevuta gesi ya sumu katika Vita Kuu ya Kwanza kisha akashikwa na kifua, alifika Santa Fe mwaka 1920, akaishi karibu miaka 50 akichora, na mwaka 1924 akabuni Zozobra, sanamu kubwa ya huzuni ambayo wenyeji huiteketeza kwa moto kila mwaka hata hivi leo. Wengine walifikishwa na ajali. Mwaka 1898 vijana wawili, Bert Phillips na Ernest Blumenschein, walikuwa wakisafiri kwa gari la farasi kutoka Denver wakielekea Mexico, na kaskazini ya Taos gurudumu likavunjika. Wakapiga shilingi kuamua nani alibebe kwenda kulitengeneza, Blumenschein akashindwa, akalichukua juu ya farasi masafa marefu huku akiitazama ile nchi kwa jicho la mtu asiye na haraka tena. Phillips hakuondoka Taos. Mwenziwe alikuwa akienda na kurudi mpaka naye akahamia kabisa, na mwaka 1915 wao na wengine wanne wakaunda chama chao cha wachoraji. Yafaa kukumbuka, kwa kuwa habari hizi husimuliwa kana kwamba nchi ile ilikuwa tupu ikiwangoja wao, kwamba kando ya mji huo wenyeji wa Taos Pueblo walikuwa wameishi katika majumba yao ya udongo ya ghorofa kwa karne nyingi kabla gurudumu lile halijachongwa.

Katika wote waliofuata, hapana aliyejulikana kuliko Georgia O'Keeffe, na kisa chake ndicho kinachofundisha vizuri zaidi jambo ambalo mgeni wa jangwa hulisahau akishangaa rangi za machweo. Alizaliwa mwaka 1887 katika mashamba ya Wisconsin, akajipatia jina New York, akafika Taos kwa msimu mrefu mwaka 1929, kisha mwaka 1940 akanunua nyumba ndogo mahali paitwapo Ghost Ranch. Nyumba ile ilikuwa na kila kilichotakwa na jicho lake: majabali mekundu na manjano yaliyokatwa wima, mifupa ya ng'ombe iliyopaushwa na jua, na mlima Pedernal uliokaa mbele ya madirisha yake, ambao aliuchora mara nyingi hata akafanya mzaha kwamba Mungu alimwahidi kumpa akiuchora vya kutosha. Ila haikuwa na maji ya kustawisha bustani, na mboga zilibidi zifuatwe mbali. Ndipo alipoanza kulitamani gofu moja la udongo katika kijiji cha Abiquiú, mali ya Kanisa Katoliki, lililokuwa limeporomoka paa. Aliliwinda kwa miaka mingi, wakubali wasikubali, mpaka mwisho wa mwaka 1945 akauziwa. Kulijenga upya kulichukua miaka iliyofuata hadi 1949, akisimamia kazi hiyo rafiki yake Maria Chabot. Watu husema alilipenda gofu lile kwa ajili ya mlango mmoja wa ukutani, na ni kweli aliuchora mlango huo mara nyingi. Lakini pamoja na mlango alinunua haki ya maji ya mfereji.

Mfereji huo kwa Kihispania cha huko huitwa acequia, nalo ni neno lililotoka kwa Waarabu, as-saqiya, lililovuka bahari hadi Andalusi, likakaa huko karne kadhaa, likapanda jahazi tena pamoja na Wahispania hadi Mexico, na kutoka Mexico likapanda kaskazini kwa punda. Maji huteremshwa kutoka mtoni kwa mteremko wa ardhi, kila mwenye shamba ana zamu yake, yupo msimamizi anayechaguliwa na wenyewe, na kila mwaka kabla ya kulima watu hutoka pamoja kuuzibua mfereji. Mchaga aliyezaliwa kwenye mifongo ya Kilimanjaro hahitaji kuelezwa zaidi. Angefika Abiquiú leo angeuliza tu zamu ni ya nani. Hata adobe, tofali la udongo lililokaushwa juani ambalo limekuwa alama ya sanaa na utalii wa nchi ile, limesafiri njia hiyo hiyo, kwa kuwa asili yake ni at-tub, tofali la Waarabu. Na mvua za kiangazi ziangukazo Arizona kati ya Julai na Septemba, wenyeji huziita kwa neno lililotokana na mausim, ndilo lile lile lililotupa sisi musimu. Mswahili anayedhani kwamba nchi hizo ni za ugenini kabisa atakuta zimeandikwa kwa herufi anazozijua, na zaidi ya hayo atakuta watu: katika Phoenix na Tucson wapo ndugu wengi wa Kongo waliopewa makazi mapya huko, na Kiswahili husikika sokoni.

Naam, kuhusu tofali lenyewe. Udongo wenye mfinyanzi kiasi, mchanga, maji na nyasi kavu hukandwa kwa miguu, hutiwa kalibuni, huanikwa juani, na kuta hujengwa nene, mara nyingi kufikia urefu wa mkono. Ukuta wa namna hiyo hunywa joto mchana kutwa pasipo kulipitisha ndani, na usiku, jangwa linapogeuka kuwa la baridi, huanza kulitoa kidogo kidogo kama jiko lililofukiwa majivuni. Lakini haukubali kusahauliwa. Mvua huulamba, na kila baada ya miaka lazima upakwe upya, kazi ambayo kwa desturi ya vijiji vya New Mexico ilikuwa ya wanawake, waliolainisha kila shubiri ya ukuta kwa viganja vyao. Msanii mgeni aliyepaka saruji juu ya udongo ili apumzike na kazi hiyo hugundua baada ya misimu michache kwamba maji yamenaswa ndani na ukuta unaoza nyuma ya ganda lake.

Wapo waliotaka kujenga kwa mikono yao wenyewe. Agnes Martin, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa akisifiwa New York kwa picha zake za mistari mikonde, aliyagawa mahitaji yake ya uchoraji mwaka 1967, akazunguka nchi kwa gari yapata mwaka mmoja na nusu, kisha mwaka 1968 akapanda juu ya mlima bapa karibu na mji mdogo wa Cuba, New Mexico, mahali pasipo umeme wala maji ya bomba. Akafyatua matofali, akajenga, na kwa miaka kadhaa hakuchora hata picha moja. Alipoirudia kazi, mistari ilikuwa imepanuka na rangi zimekuwa hafifu kama za asubuhi. Jambo lisilotajwa sana na wanaoisifu faragha yake ni kwamba ardhi ile hakuwa ameinunua, aliikodi tu, na mwaka 1977 ilimbidi aziache nyumba alizozijenga akaanze upya Galisteo. Wasomaji wanaoota kibanda chao wenyewe katika nchi pana na wasome kwanza hati, wajue ni nini kilicho chao: ardhi, au kibanda, au ruhusa tu ya kukaa.

Lakini kisa ambacho kila mwenye fikra za kuhamia jangwani husimuliwa, apende asipende, ni kisa cha Marfa. Desemba mwaka 1946 kijana wa miaka 18 aliyekuwa njiani kwenda kutumikia jeshi huko Korea alipita kwa basi katika mji wa Van Horn, magharibi ya Texas, akampelekea mama yake simu ya maandishi kumwarifu kwamba mji una watu 1,260, ni mzuri, na nchi yenye milima inapendeza. Kijana huyo alikuwa Donald Judd. Miaka 25 baadaye, akiwa ni mchongaji mashuhuri mwenye jengo zima katikati ya New York, aliirudia nchi ile, na mwaka 1973 akaanza kununua nyumba katika Marfa, mji mdogo ulioko mwendo wa saa moja na ushei kutoka Van Horn, katika nyika ya majani makavu iliyoinuka mita zipatazo 1,400 juu ya bahari.

Kwa nini Marfa ilikuwa rahisi? Hili ndilo suali ninalomshauri kila msomaji aliulize popote anapotajiwa bei inayomfurahisha, kwani bei ya chini ina historia yake, na aghalabu historia hiyo ni ya watu walioondoka. Marfa ilianza mapema katika miaka ya 1880 kuwa kituo cha garimoshi kutilia maji. Ikaneemeka kwa mifugo na kwa kambi ya jeshi, Fort D. A. Russell, kambi ikafungwa mwaka 1946, kisha miaka ya 1950 ukaja ukame wa miaka mingi uliovunja migongo ya wafugaji. Zilizobaki ni nyumba tupu, maghala ya sufu matupu, na mabanda ya jeshi ambayo hapana aliyejua yatafanyiwa nini. Judd hakuupata urahisi ule msituni kama mtu aokotaye embe. Aliurithi kutoka kwa askari, ng'ombe na mvua.

Na alikuwa na haja ambayo mji mkubwa haukuweza kuitimiza. Alichukizwa na desturi ya majumba ya makumbusho ya kuziweka kazi za wasanii kwa miezi michache, katika vyumba visivyozifaa, kisha kuzishusha na kuzifungia makasha. Alitaka sanamu iwekwe mahali pamoja, katika mwanga mmoja, isiondoke. Taasisi ya Dia, iliyoendeshwa kwa fedha zilizotokana na utajiri wa biashara ya mafuta, iliyanunua majengo ya kambi mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndani ya mabanda mawili ya mizinga, ambayo kuta zake zilikuwa bado na maandishi ya Kijerumani ya wakati wafungwa wa vita walipowekwa pale, Judd aliondoa milango mikubwa akatia vioo, akainua juu ya kila banda paa jipya la mabati lililopinda kama nusu ya pipa, akapanga humo masanduku 100 ya alumini. Kwa nje yote yana vipimo sawa. Kwa ndani hapana mawili yanayofanana. Asubuhi jua likiingia kwa upande, masanduku yale hayaonekani kuwa ni chuma tena, mengine yakawa kama maji na mengine kama kivuli cha maji, na mtu akisimama hapo ataelewa kwa nini kazi hii isingeweza kufanyika katika mji wenye mawingu na kodi ya nyumba ya mji mkubwa. Fedha za mafuta zilipopungua katikati ya miaka ya 1980, Judd na wafadhili wake waligombana nusura wafikishane mahakamani, na kutokana na ugomvi huo ilizaliwa taasisi ya Chinati, iliyofungua milango yake mwaka 1986. Mwenyewe alifariki mwaka 1994.

Yaliyofuata baada ya hapo ndiyo yanayonifanya nisite kumshauri mtu yeyote aifuate Marfa kwa jina lake. Sanaa iliyokwenda jangwani kutafuta bei nafuu iliifanya bei isiwe nafuu tena. Wakaja watazamaji, wakaja wenye fedha wa Houston na Los Angeles, zikafunguliwa hoteli na migahawa, na mwaka 2005 wasanii wawili wa Ulaya, Elmgreen na Dragset, wakajenga kando ya barabara kuu, karibu na kijiji cha Valentine, duka la kioo la viatu na mikoba ya Prada lisilofunguliwa kamwe, kama mzaha juu ya jambo hilo hilo. Na mzaha wenyewe ukawa kivutio cha wapiga picha. Nyumba za udongo za wenyeji wa asili ya Mexico, zilizokuwa zamani alama ya umaskini, zikapanda thamani, na thamani ikipanda kodi ya ardhi nayo hupanda, hata mzee aliyezaliwa ndani ya kuta zile akajikuta anadaiwa kwa sababu ya uzuri walioutambua wengine. Mji huo huo ndio wenye skuli ya Blackwell, walikosomeshwa watoto wa Kimexico mbali na wenzao hadi mwaka 1965. Idadi ya watu haikuongezeka kwa kelele zote hizi. Hesabu ya mwaka 2020 iliwakuta hawafiki 2,000.

Mambo ya kila siku husahauliwa na wanaoandika juu ya mwanga, nami sitaki kuyapita.

Maji kwanza. Kipande cha ardhi kinachouzwa kwa bei ya baiskeli katika Mojave au katika viunga vya Terlingua, karibu na mpaka wa Mexico, mara nyingi hakina bomba wala kisima, na kuchimba kisima kwaweza kugharimu zaidi ya ardhi yenyewe, pasipo dhamana ya kupata maji. Wanaoishi huko huyachota mjini kwa tangi lililofungwa juu ya gari, au hukinga mvua ya paa kama walivyokinga wazee wetu wa Mombasa katika jabia. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mahali panaponyesha milimita 250 kwa mwaka, laweza kukupa lita 25,000 kwa wingi wake wote, ambazo zikigawanywa kwa siku za mwaka ni lita 68, kabla hujatoa zilizopotea na kabla hujaosha brashi moja. Mfinyanzi na mpiga chapa wanaotumia maji mengi na wasikilize hapo kuliko mchoraji wa kalamu.

Maji hayo hayo, yanayokosekana, ndiyo adui mwenye kuua. Makorongo makavu yaliyo laini chini kama zulia huwavutia wageni kupiga hema na hata kujenga, na mvua iliyonyesha milimani mbali, mtu asiione wala kuisikia, huja na kuyajaza kwa dakika chache. Kuna na homa ya mapafu iletwayo na kuvu waishio katika udongo wa Arizona na sehemu za California, ambao hupanda pamoja na vumbi. Wengi hupona bila kujua waliugua nini, lakini mwenye kifua dhaifu na amwulize daktari, asijidanganye na sifa za zamani za hewa kavu.

Kuhusu joto, wenyeji wengi hutumia sanduku lenye pangaboi na pedi zilizoloweshwa, linalovuta hewa ya nje na kuipitisha katika unyevu ikaingia ndani imepoa. Siri yake ni ile ya gudulia la maji linalowekwa dirishani: maji yakifyonzwa na hewa huondoka na joto. Pwani sanduku hilo lisingefaa kitu, kwa kuwa hewa yetu imekwisha kushiba. Jangwani lafanya kazi kwa umeme mchache, mpaka mausim ya Julai yafike, ndipo linapogeuka kuwa kelele tupu.

Na ukavu wenyewe, uliotufanya tutamani safari hii, si rafiki wa kila mtu. Karatasi haioti ukungu na chuma hakili kutu, naam. Lakini rangi ya maji hukauka kabla brashi haijarudi, udongo wa mfinyanzi usipofunikwa hupasuka ukingoni, ubao uliochongwa mahali pa unyevu hujikunja na kuachana viungo, na jua la nyanda za juu hupausha rangi dhaifu upesi. Wachoraji wa rangi za mafuta wanaodhani picha zitakauka kwa siku moja hukatishwa tamaa, kwani mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji, hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani, na kazi hiyo ina muda wake. Fauka ya hayo kuna masafa. Kutoka Marfa hadi kiwanja cha ndege cha El Paso ni mwendo wa saa tatu hivi, hospitali iko mji jirani wa Alpine, kilomita 40 na kitu, na kopo la rangi lililosahauliwa katika orodha ya manunuzi ni safari ya siku nzima.

Ipo miji mingine iliyorahisishwa na mauti ya kazi zake, hasa miji ya shaba. Bisbee katika Arizona ilijazwa na wasanii baada ya migodi yake mikubwa kufungwa mwaka 1975, wachimbaji wakiuza nyumba za milimani kwa bei ya kusikitisha. Ajo, ambayo mgodi wake ulifungwa mwaka 1985, ilichukua njia ninayoiona kuwa ya busara zaidi: jumuiya ya wenyeji iliigeuza skuli kuu ya zamani, Curley School, ikawa nyumba 30 za kupangisha, za kuishi na kufanyia kazi, kwa wasanii wa kipato cha chini. Aliyepanga hapo hana haja ya kuomba bei isipande, kwa sababu nyumba si bidhaa ya mtu mmoja.

Namtaja mwisho mtu ambaye angestahili kutajwa mwanzo. Noah Purifoy alizaliwa mwaka 1917 Snow Hill, Alabama, katika familia ya Weusi wa mashambani, akasomea ualimu na ustawi wa jamii, akatumikia jeshi la majini, na ukubwani akajiunga na skuli ya sanaa huko Los Angeles. Ghasia za mtaa wa Watts, mjini humo, zilipowaka mwaka 1965 alikuwa akiongoza kituo cha sanaa katika mtaa huo huo. Moto ulipozimika, yeye na wenziwe wakakusanya vyuma vilivyoyeyuka, mbao za makaa na mabaki ya taa za madukani, wakayafanya maonyesho yaliyozunguka nchi. Baadaye aliiacha sanaa kwa miaka kadhaa, akawa katika baraza la sanaa la California, akishikilia kwamba picha haina maana ikiwa haimgusi mtu wa mtaani. Mwaka 1989, ana miaka 72 na kipato cha uzeeni kisichotosha kodi ya Los Angeles, akahamia Joshua Tree katika Mojave, mahali pasipopata hata milimita 200 za mvua.

Nchi ile ilikuwa na historia yake ya urahisi. Sheria ya mwaka 1938 iliwaruhusu raia kuchukua vipande vya jangwa vya ekari 5 kwa malipo madogo, mradi wajenge kibanda. Wengi wakajenga, wakashindwa na upepo na kiu, wakaviacha vibanda wazi, milango ikigongana. Katika mazingira hayo Purifoy, kwa miaka 15, alitandaza juu ya ekari 10 za mchanga kazi zaidi ya 100 zilizoundwa kwa takataka: matairi, masinki, televisheni zilizokufa, baiskeli, sahani za mikahawa, nguo kuukuu, mabomba. Moja ina mifereji miwili ya kunywea maji, kama ile iliyokuwako kusini siku za ubaguzi. Wa Weupe ni mfereji kweli, na wa Weusi ni choo cha kukalia. Hapana ukuta wala paa, na mgeni huingia bila kiingilio.

Purifoy alifariki mwaka 2004 kwa moto uliotokea nyumbani kwake pale pale. Joshua Tree, nayo, imepanda bei. Vibanda vilivyotelekezwa vimepakwa rangi nyeupe, vimewekewa bafu la nje, na hupangishwa kwa intaneti kwa wageni wa mwisho wa juma, na baada ya mwaka 2020 kijana mwenye brashi na akiba ndogo anahesabu mara mbili kabla ya kuuliza. Lakini kazi zile zingali mchangani. Alikuwa ameacha wazi kwamba jua na upepo ni washirika wake katika kuzitengeneza, na washirika hao hawajaacha kazi: nguo zimekuwa nyuzi, mbao zimefunguka, plastiki inamomonyoka ikishikwa, kwa hiyo wanaoitunza bustani yake wana suali la kila mwaka, ni kitu gani wakipigilie msumari na kitu gani wakiachie hewa.